Injini ya Kupandikiza Isiteuliwe kwa Sifa za Barazani

Limezuka kundi la vijana wetu, nao si haba, wanaoamini kwamba gari la spoti la Kijapani likishazeeka halina tiba nyingine ila kutiwa injini yenye nguvu kuliko zote zilizoko sokoni. Ketini nao mbele ya gereji yoyote ya Nairobi, Nakuru au Mombasa, nanyi mtawasikia wakiitaja 2JZ na RB26 kwa unyenyekevu ule ambao babu zetu waliwatajia mashujaa wa vita. Hoja yao ni nyepesi: nguvu ni nguvu, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi mno, na leo nataka kuijibu, kwani inawagharimu watu fedha ambazo hawana na, mara nyingine, hata viungo vya miili yao.

Nisieleweke vibaya. Mimi simo miongoni mwa wahafidhina wanaodai kwamba gari la kale ni amana isiyoguswa, na kwamba anayelitia injini ngeni anafukua kaburi. Gari liliundwa ili litembee. Gari lililokufa injini, likaachwa bandani hadi kuku wakataga mayai juu ya viti vyake, halimhifadhii mtu yeyote historia yake. Ikiwa bloku ya asili imepasuka na haitengenezeki, kupandikiza nyingine ni jambo la busara kabisa. Linalobaki ni kuuliza: ipi?

Swali hili halikunijia vitabuni. Mpwa wangu, mwalimu wa hisabati katika shule ya upili karibu na Nakuru, amerithi kutoka kwa marehemu baba yake gari aina ya Datsun 240Z. Shemeji yangu alilinunua likiwa mtumba mwishoni mwa miaka ya sabini, akalitunza kama mboni ya jicho, hadi siku lilipochemka akiupanda mwinuko wa Mai Mahiu; kichwa cha injini kikapinda na bloku ikapata ufa. Hakuwahi kulifufua. Kijana ameweka akiba katika chama chake cha ushirika kwa miaka sita, nayo akiba hiyo inatosha kuifanya kazi hii mara moja tu. Ikiharibika, hapana ya pili. Mama yake, yaani dada yangu, hakupinga fedha hizo kutumika, ila alitoa sharti moja: hataki kuja kuambiwa kwamba gari la mumewe limemuua mwanawe.

Kijana alinijia akiwa amekwisha kuamua. "Mjomba," aliniambia, "nimeonyeshwa 2JZ yenye tabo mbili, imetoka Japani juzijuzi. Nikiipata hiyo, hakuna gari litakalonipita kutoka hapa hadi Eldoret." Nilimuuliza maswali matatu. Breki za gari hilo ni za aina gani? Difu yake inastahimili nguvu kiasi gani? Na karatasi za injini hiyo ziko wapi? Alinitazama kwa heshima, kama anavyolazimika kumtazama mjomba wake, lakini jibu hakuwa nalo. Mimi si fundi, bali niliuza vipuri kwa miaka kumi na minane kabla ya kushika kalamu, na muuza vipuri huyaona matokeo ya maamuzi ya watu kuliko fundi mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye wanayemrudia pindi mambo yanapovunjika.

Hebu tulitazame gari lenyewe kwanza. Datsun 240Z ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1969. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393 na kabureta mbili. Ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Kimarekani cha enzi hizo, yaani injini ikipimwa mezani bila kubebeshwa vikorokoro vyake vyote. Gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,050. Magurudumu ya mbele yana breki za diski, ya nyuma breki za dramu. Halina chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Hili la mwisho nawaomba wasomaji walikumbuke, kwani nitalirejea.

Gari hili si geni kwetu. Mnamo mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari wakiwa ndani ya 240Z, na nafasi ya pili ikatwaliwa na Shekhar Mehta na Mike Doughty kwa gari la aina iyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalileta tena nafasi ya kwanza, safari hii akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Matope, mawe, mito na vumbi vya nchi tatu havikushindwa kwa wingi wa farasi. Vilishindwa na gari ambalo injini, giaboksi, springi na breki zake zilikuwa zimepimiana. Mtu akiivuruga mizani hiyo, hana budi kuirudisha yeye mwenyewe, tena kwa fedha zake.

Sasa tuziangalie injini zinazosifiwa. RB26DETT ilitiwa ndani ya Nissan Skyline GT-R kuanzia mwaka 1989 hadi 2002. Ina ujazo wa sentimita 2,568, tabo mbili na farasi 280 kwa hesabu rasmi ya Kijapani. Nasema rasmi kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wameelewana wasitangaze zaidi ya kiwango hicho, makubaliano yaliyodumu hadi mwaka 2004. Kwa kuwa Datsun na Nissan ni ukoo mmoja, vijana hudhani kwamba RB26 itaingia ndani ya 240Z kama mtoto anavyoingia kitandani mwa nyanya yake. Haiingii hivyo. Skyline GT-R huendeshwa kwa magurudumu manne, na difu ya mbele imeungana na sampu ya injini. Anayeihamishia gari la kusukumwa kwa nyuma lazima atafute sampu nyingine, giaboksi nyingine, mauntini za kuchongwa na propela ya kipimo kipya. Isitoshe, ni injini adimu, na kitu adimu kikiharibika Nakuru hungojewa miezi.

2JZ ina hoja nzuri zaidi. Ni silinda sita za Toyota, ujazo wa sentimita 2,997, na bloku ya chuma ambayo uimara wake hauna ubishi. Yenye tabo mbili, 2JZ-GTE, ndiyo iliyomo katika Supra ya mwaka 1993 na kuendelea. Isiyo na tabo, 2JZ-GE, imo katika magari ya kawaida kama Crown na Aristo. Tofauti hii huwapita wengi. Mwenye kusema "2JZ" barazani humaanisha ile ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo mtu anayoweza kuipata kwa bei ya binadamu, kuifanyia matengenezo kwenye maduka ya Kirinyaga Road, na kuilisha mafuta ya hapa.

Nimesema mafuta ya hapa, na hapa ndipo barazani pananyamaza. Injini zenye tabo zilizouzwa Japani zilirekebishwa zinywe petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo okteni yake hukaribia 100. Super yetu ni ya okteni 93 hivi. Mafuta yenye okteni ndogo, yakishindiliwa na tabo ndani ya silinda yenye joto, hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia mgongano kama changarawe ndani ya debe, na ukiupuuza, pistoni itatoboka. Dawa ipo: kupunguza msukumo wa tabo na kuipanga upya kompyuta ya injini. Lakini ukishaupunguza msukumo umepunguza pia wale farasi waliokuvutia sokoni, na kazi ya kompyuta si ya fundi yeyote mwenye bisibisi.

Haki nayo isemwe. Tabo ina sifa moja ambayo inatufaa sisi watu wa nyanda za juu kuliko watu wa pwani. Nairobi imeinuka karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Nakuru iko juu kiasi hicho hicho. Huku hewa ni nyepesi. Shinikizo lake ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini inayovuta pumzi kwa nguvu zake yenyewe hupoteza karibu moja kwa tano ya uwezo wake, bila kosa la mtu yeyote. Tabo huifidia hasara hiyo kwa kuikusanya hewa na kuishindilia. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba tabo si anasa Nakuru ana ukweli fulani mkononi, nami sikumficha mpwa wangu hilo.

Ila hewa nyepesi hiyo hiyo ndiyo inayopitia kwenye rejeta. Gari lililochemka Mai Mahiu likiwa na L24 litachemka upesi zaidi likiwa na tabo mbili zilizowekwa nyuma ya rejeta ya mwaka 1971. Tena kuna jambo la upande. Katika L24 kabureta na bomba la moshi vyote viko kushoto. Katika RB na JZ, moshi hutokea kulia, na kulia ndiko kuliko na mhimili wa usukani katika magari yetu. Marekani, ambako wengi wa mabingwa wa kazi hii wanaishi, usukani uko kushoto, hivyo picha zao hazionyeshi taabu yetu. Hapa fundi hujikuta akilipitisha bomba lenye joto la kuyeyusha kando ya chombo kinachoyaongoza magurudumu na mabomba ya mafuta ya breki. Inawezekana, maana imefanywa mara nyingi, ila ni kwa kuzuia joto kwa uangalifu, si kwa kufunga kitambaa na kumwomba Mungu.

Kuhusu V8 nitakuwa mfupi. LS1 ya Chevrolet, ya lita 5.7, imepandikizwa ndani ya 240Z nyingi sana huko Marekani, na kwa kuwa bloku yake ni ya alumini si nzito kama watu wanavyodhani. Kwao ni injini ya jirani. Kwetu ni ya kuagiza ng'ambo, na plagi yake ikifa Njoro utalala Njoro. 1UZ-FE ya Toyota, V8 ya ujazo wa sentimita 3,968 iliyoanza na Celsior ya mwaka 1989, ingalikuwa afadhali, lakini upana wake unarudisha taabu ile ile ya usukani. Na SR20DET ya Silvia, silinda nne za lita mbili, ni nyepesi na yenye adabu. Kosa lake ni mlio tu. Najua watu watacheka, lakini gari lililozaliwa na silinda sita likitiwa nne, mwenye masikio husikia.

Tuseme sasa injini imekwisha kuchaguliwa na farasi wameongezeka maradufu. Nani atawazuia? Difu ya 240Z, aina ya R180, ilipimiwa farasi wa L24. Ukiiletea maradufu itakatika meno. Ajabu ni kwamba Subaru Impreza STi, ambazo barabara zetu hazikosi, zina difu ya ukoo huo huo wa R180 iliyo imara zaidi, nayo hukubali kukaa katika 240Z ikibadilishiwa vipande vya kuungia ekseli. Kwa breki, kalipa za Toyota Hilux za kuvuta magurudumu manne, zile za mwanzo wa miaka ya themanini, hukaa juu ya diski za mbele za 240Z kana kwamba zilitengenezewa hapo. Nayaeleza haya kwa furaha, kwa sababu ni vitu vya bei nafuu vilivyo karibu, na bado sijamwona kijana hata mmoja akitamba barazani kwamba amenunua kalipa.

Na bodi, ambayo niliomba ikumbukwe. Gari lisilo na chasisi hutegemea mabati yake. 240Z ina sifa mbaya ya kuoza chini ya betri, kwenye reli za mbele na sakafuni. Tulilipandisha juu ya vigogo gari la marehemu, nikachukua bisibisi na kugonga. Reli ya kushoto iliita kama kengele. Ya kulia, mahali ambapo mauntini ya injini hushikilia, bisibisi ilipita hadi upande wa pili. Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. Hakuna 2JZ wala RB duniani inayoweza kuning'inia juu ya kutu, na kazi ya kukata na kuchomelea reli hiyo upya imekwisha kumeza sehemu nzuri ya akiba kabla injini yoyote haijanunuliwa.

Zimebaki karatasi. Logbuku ya kila gari nchini ina nambari ya injini. Anayebadilisha injini anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Muuzaji wa injini ya mtumba asiye na stakabadhi za forodha anakuuzia pia kesi. Muuzaji wa ile 2JZ yenye tabo mbili, nilipompigia simu kumwomba stakabadhi, aliniambia kwamba "karatasi zitakuja." Hazijaja hadi leo. Na kampuni ya bima isiyoambiwa kwamba gari la farasi 151 sasa lina 280 itakuwa na sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali, nayo sheria haitamwonea huruma aliyeficha.

Kwa haya yote, ushauri niliompa ni L28. Ni ndugu wa damu wa L24: silinda zake zina kipenyo cha milimita 86 badala ya 83, mwendo wa pistoni ni milimita 79 badala ya 73.7, na ujazo unafika sentimita 2,753. Nissan waliitia ndani ya warithi wa gari hili hili, na pia ndani ya Patrol za petroli, ambazo ndizo zilizotufikia sisi. Inakaa juu ya mauntini zile zile. Inashika giaboksi ile ile. Inapokea kabureta za zamani, na sampu ya L24 huhamia kwake pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Haihitaji waya mpya wala kompyuta, na fundi aliyefundishwa na jua kali la Nakuru anaifahamu kuliko ninavyoifahamu mimi. Ongezeko la ujazo ni asilimia 15, kiasi kinachorudisha sehemu kubwa ya kile tunachonyang'anywa na hewa nyepesi. Moshi unabaki kushoto. Difu haipigi kelele.

Mpwa wangu alileta pingamizi, tena zuri. "Mjomba, L28 changa kuliko zote ina umri wa kunizidi mimi. 2JZ-GE iko katika kila yadi." Ni kweli. Nikamjibu kwamba kama hatutapata L28 ambayo silinda zake zinafaa kuchongwa, basi 2JZ-GE isiyo na tabo ndiyo itakayofuata, na mauntini zitengenezwe na mtu anayejua kupima, si kukadiria. Tukaafikiana hivyo, ingawa najua moyoni bado anaisikia sauti ya tabo.

Patrol ilipatikana Gilgil, imekaa juu ya mawe bila magurudumu, mwenyewe akiwa na logbuku na risiti zote ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliifungua injini hapo hapo. Silinda tano zilikuwa na hali njema. Ya nne imeliwa kiasi kwamba ukucha unakwama juu yake. Mchongaji anasema zote sita zichongwe nusu milimita na kutiwa pistoni za saizi hiyo. Dada yangu aliuliza kalipa za Hilux zitafungwa lini, akaambiwa zitafungwa kabla ya injini kuwashwa, naye akaingia ndani kutuandalia chai. Pistoni zimeagizwa. Kuhusu giaboksi, kijana anataka ya gia tano na mimi naona ile ya nne ya baba yake ingali nzima. Hapo bado hatujaelewana.